Alijitakia? Mabusha, matende na hukumu tunazotoa barazani

Pwani ya Tanga, mtu akionekana ana mabusha, maelezo humfikia kabla ya dawa. Mmoja atasema huyo alizidisha madafu. Mwingine atasema alikanyaga kitu kilichofukiwa njiani. Wa tatu atashusha sauti na kusema amenaswa na tego, alikuwa akimfuata mke wa mtu. Sababu ni tatu, lakini zote zinaishia mahali pamoja: kuna jambo alilifanya. Alijitakia.

Mwanamke aliyevimba mguu kwa matende naye hasalimiki. Atasikia kwamba amerogwa kwa ugomvi wa shamba, au kwamba ukoo wao una mkosi. Na ndugu wa mchumba watashauriwa wakabishe hodi nyumba nyingine.

Msikilizaji, makala haya yanahusu ugonjwa, lakini zaidi yanahusu hukumu hiyo. Kwa nini tukiona mwenzetu amepatwa tunakimbilia kutafuta kosa lake? Na hukumu hiyo inamgharimu nani?

Swali hili lina uzito wake sasa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 nchi nyingi ziwe zimeutokomeza ugonjwa wa matende na mabusha kama tatizo la afya ya jamii. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa kazi hiyo, Tanzania ikiwemo. Fedha za nje zikipungua, mzigo unabaki kwa serikali, kwa halmashauri na kwa vijiji vyetu wenyewe. Na ni vigumu kijiji kusimama mkutanoni kumdai diwani huduma za mtu ambaye kinaamini amevuna alichopanda.

Ugonjwa unaanzaje hasa

Matende, na sehemu kubwa ya mabusha yanayoonekana pwani, hutokana na minyoo wadogo, wembamba kama uzi. Wanaenezwa na mbu. Mbu humnyonya mtu ambaye damu yake ina minyoo wachanga. Minyoo hao huzunguka kwenye damu hasa usiku, ndiyo maana timu za wapimaji zimekuwa zikifika vijijini usiku, watu wanapokaribia kulala, kuchukua matone ya damu. Minyoo wachanga hukua ndani ya mbu, kisha mbu huyo huwapeleka kwa mtu mwingine anapomuuma.

Wakishaingia mwilini hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayokusanya maji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Mnyoo aliyekomaa huweza kuishi miaka 6 hadi 8, akizaa minyoo wachanga kwa mamilioni. Mishipa ikiharibika, maji hukosa njia na kutuama. Yakituama mguuni au mkononi huwa matende. Yakijaa kwenye mfuko wa korodani huwa mabusha, ambayo wengine huyaita ngiri maji.

Kuna mambo matatu ya kushika hapa, kwa sababu ndiyo yanayoibomoa hukumu ya barazani.

La kwanza, kuumwa na mbu mara moja hakutoshi. Kwa kawaida mtu huambukizwa baada ya kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka. Kwa hiyo anayeugua ni mtu aliyeishi mahali penye joto, maji yaliyotuama, vyoo vilivyo wazi na mbu wengi. Maelezo hayo yanawafaa watu wengi wanaoishi kati ya Mkinga na Pangani.

La pili, maambukizi mara nyingi huanza utotoni. Mtoto huambukizwa akiwa bado anacheza uani, haonyeshi dalili yoyote, na uharibifu unaendelea kimyakimya. Uvimbe hujitokeza akiwa mtu mzima. Fikiria maana yake. Mwanaume wa miaka 50 anahukumiwa kwa tabia za ujanani mwake, wakati inawezekana kabisa minyoo walianza kumwingia akiwa na miaka mitano, amelala kwenye mkeka wa bibi yake bila chandarua.

La tatu, wengi wenye minyoo hawavimbi kamwe. Ndugu wawili waliolala chumba kimoja, mmoja anaweza kupata mabusha na mwingine akazeeka bila dalili. Inategemea wameumwa mara ngapi, na mwili wa kila mmoja unavyopambana na minyoo. Mwenye afya anayemcheka mgonjwa barazani huenda naye amewabeba minyoo walewale.

Kuhusu madafu, hayaleti mabusha. Pwani kuna minazi mingi, na pwani kuna mbu wengi. Watu waliona vitu viwili mahali pamoja wakavifunga kamba moja.

Kwa nini yeye na si mwingine

Hata baada ya kusikia habari za mbu, mtu anaweza kuuliza: sawa, lakini mbu wanatuuma sote. Kwa nini yeye?

Swali hili ni la zamani na si la pwani peke yake. Mwaka 1937 mtafiti Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu Waazande, wanaoishi kwenye mpaka wa Sudan Kusini na Kongo. Alieleza habari za ghala la nafaka. Watu hukaa chini ya ghala kukwepa jua, na siku moja ghala huanguka na kuwaumiza. Waazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Hawakuhitaji kufundishwa hilo. Walichouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ileile ambayo watu wale walikuwa chini yake. Hapo ndipo walipomtafuta mchawi.

Sayansi inajibu vizuri swali la "imetokeaje". Swali la "kwa nini mimi" mara nyingi jibu lake ni bahati tu, na bahati ni jibu ambalo haliridhishi moyo wa mtu. Mwanya huo unapobaki wazi, tego, mkosi na madafu huingia kuuziba.

Hofu iliyo nyuma ya hukumu

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1966, nchini Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons walichapisha matokeo ya jaribio moja. Wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walimtazama mwenzao kwenye runinga akijibu maswali. Kila akikosea, alionekana akipigwa shoti ya umeme na kuugulia maumivu. Kwa kweli hapakuwa na shoti. Alikuwa akiigiza, lakini watazamaji hawakujua.

Baadhi ya watazamaji walipewa nafasi ya kupiga kura ili mateso yakome na mwenzao alipwe badala ya kuumizwa. Wengine waliambiwa tu kwamba mateso yataendelea. Kisha wote waliulizwa: huyu mwenzenu ni mtu wa namna gani? Wale walioamini kwamba ataendelea kuteswa, na hawawezi kumsaidia, ndio waliomsema vibaya zaidi. Hawakuwa wamemjua kabla, na hakuwa amewakosea.

Lerner alieleza kwamba binadamu wengi tunahitaji kuamini kuwa dunia ina haki, kwamba mwema hulipwa mema na mbaya hulipwa mabaya. Imani hiyo hutupa usingizi. Sasa tukimwona mtu mwema anateseka bila sababu, imani inatikisika, maana kama yeye amepatwa bila kosa, basi na mimi naweza kupatwa leo usiku. Tukiweza kumsaidia, tunamsaidia na imani inatulia. Tusipoweza, tunachagua njia rahisi: tunaamua kwamba hakuwa mwema kama tulivyodhani.

Miaka mitano baadaye utafiti mwingine ulifanyika mbele ya redio. Wakati huo Marekani ilikuwa ikipigana Vietnam, na vijana waliitwa jeshini kwa bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa. Tarehe ikitoka mapema, ulikuwa karibu na vita. Mwaka 1971 watafiti Zick Rubin na Letitia Anne Peplau waliwafuatilia vijana wa miaka 19 waliokaa kwa vikundi wakisikiliza droo hiyo moja kwa moja redioni.

Wengi waliwahurumia wenzao walioangukiwa na namba mbaya, na hilo linatia moyo. Lakini wale wenye imani kali zaidi kwamba dunia hulipa kila mtu haki yake walielekea kuwachukia walioangukiwa. Tarehe ya kuzaliwa haina wema wala ubaya ndani yake, na kila mtu alisikia kwa masikio yake kwamba ilichotwa kwa bahati. Hata hivyo, kwa baadhi yao, aliyekosa bahati alianza kuonekana kama mtu mwenye kasoro.

Hukumu ya barazani, basi, haitokani na ukosefu wa elimu wala na uswahili wetu. Wasomi wa vyuo vya Marekani walianguka kwenye shimo lilelile. Na mara nyingi anayehukumu hana roho mbaya. Anaogopa, na kumhukumu mwenzake kunampa nafasi ya kujiambia: mimi siyo kama yule, kwa hiyo halitanipata.

Imani hii pia ina faida

Tusiitupe imani yenyewe. Mkulima wa Muheza hapandi michungwa kama haamini kwamba jasho lina malipo. Michungwa huchukua miaka kabla ya kuzaa. Mzazi humfundisha mtoto kwamba mchumia juani hulia kivulini, na mtoto huyo anasoma kwa bidii. Aliyedhulumiwa hujipa moyo kwamba malipo ni hapa hapa duniani, na hapo hujizuia kuchukua panga.

Kinachofaa kwa safari ya mbele hakifai kila mara kwa kutazama nyuma. Kusema "nikifanya kazi nitapata" ni matumaini. Kusema "hakupata, basi hakufanya kazi" ni hukumu, na haitokani na ile ya kwanza. Anayevua usiku kucha anaweza kurudi mtupu. Hilo kila mvuvi wa Kigombe au Moa analijua, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba samaki wamemkimbia kwa dhambi zake. Kwenye bahari tunaikubali bahati, lakini kwenye mwili wa mtu tunaikataa.

Gharama yake ni kubwa

Mtu anayejua atahukumiwa hujificha. Mwenye mabusha atavaa kikoi kipana au kanzu, ataacha kwenda shughuli za watu, ataacha kuvuta nyavu na wenzake. Atakaa nao miaka kumi kabla ya kumwambia mganga wa zahanati. Wakati mabusha hutibika kwa upasuaji unaofahamika vizuri, na wengi hurudi nyumbani mapema na kufanya kazi tena.

Matende hayarudi nyuma kirahisi, lakini yanaweza kuzuiwa yasizidi. Mguu huoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, hukaushwa vizuri hasa kati ya vidole, vidonda hutibiwa mapema, mguu huinuliwa mtu anapokaa na kulala, na huvishwa kiatu kisichobana. Mambo hayo madogo hupunguza homa na maumivu yanayomlaza mgonjwa siku kadhaa kila mara. Lakini mama anayeuficha mguu wake chini ya khanga, na haoni wa kumwomba hata ndoo ya maji, hawezi kuyafanya.

Kuna na mgonjwa anayejihukumu mwenyewe. Amesikia maneno ya watu tangu utotoni, na yalipompata aliyageuza kwake. Anakumbuka kosa fulani la ujana, maana nani asiye nalo, na anaona ndilo hilo. Anaacha kutafuta tiba, anatafuta wa kumwomba radhi.

Gharama ya tatu ni ya kijiji kizima. Ugawaji wa kingatiba ulianza mkoani Tanga mwaka 2004. Ni vidonge vya bure vya ivermectin na albendazole, vilivyogawiwa mara moja kwa mwaka kwa wagonjwa na wazima, kwa sababu mzima anaweza kuwa na minyoo bila kujua. Watu wengi wakimeza kwa miaka kadhaa mfululizo, mbu hukosa minyoo wa kubeba. Uchunguzi uliofanywa Kirare, kusini mwa jiji la Tanga, ulionyesha kwamba maambukizi yalishuka sana baada ya miaka ya dawa, ingawa hayakwisha mara moja.

Hata hivyo si kila mahali mambo yalikwenda vizuri. Watafiti wa Uingereza Melissa Parker na Tim Allen walifuatilia vijiji vya wilaya za Pangani na Muheza kati ya mwaka 2004 na 2011. Walikuta kwamba katika vijiji hivyo walio wengi ama hawakufikiwa na dawa, ama walizikataa. Sababu zilikuwa nyingi: hofu ya vidonge, kutowaamini wafadhili na nia yao, maelezo duni, na tofauti kati ya jinsi wataalamu wanavyoueleza ugonjwa na jinsi wenyeji wanavyouelewa.

Tofauti hiyo inaturudisha kwenye mada yetu. Kama mabusha ni malipo ya uzinzi, mtu mwaminifu katika ndoa yake atameza vidonge vya nini? Kama ni mkosi wa ukoo fulani, ukoo mwingine unahusikaje? Anayeamini kwamba ugonjwa huwapata waliokosea hujiona salama, na mtu anayejiona salama hamezi dawa. Kwa njia hiyo hukumu ya barazani huwaweka watoto wake mwenyewe kwenye njia ya mbu.

Wataalamu nao huhukumu

Usahihi unatutaka tugeuze kioo upande wa pili. Dawa zilipokataliwa, maneno yaliyosikika ofisini yalikuwa ya aina yake: watu hawaelewi, wamezama kwenye ushirikina, wacha waugue. Hiyo nayo ni "alijitakia", ila imevaa koti jeupe.

Lakini tazama kijiji kilivyoona. Kwa miaka mingi mtu alikwenda zahanati na malaria akaambiwa dawa hakuna, nenda kanunue. Siku moja linakuja gari na dawa za bure kwa ugonjwa ambao hakuulalamikia, anapimwa urefu kwa fimbo badala ya kupimwa damu, na anaambiwa ameze hapo hapo. Anayeuliza maswali si mjinga. Fimbo ya urefu ina maana yake, kwani ndiyo inayoonyesha idadi ya vidonge vya ivermectin vinavyomfaa mtu, lakini asipoelezwa atajuaje?

Na watu wa pwani hii hawakuwa wapokeaji tu. Wanaume wa kijiji cha Kimang'a, wilayani Pangani, walijitolea katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Baadhi yao walimeza dawa ya doksisaiklini kwa wiki nane, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ili kulinganisha. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kwamba viota vya minyoo vimetoweka kwa wengi wa waliomeza dawa. Madaktari wa nchi nyingi wamejifunza kutoka kijiji hicho. Nasi tunaweza kujifunza hili moja: tego haliondoki kwa vidonge vya hospitali, na minyoo wale waliondoka.

Si ugonjwa tu

Njia hii ya kufikiri haiishii kwenye mwili wa mtu. Huhukumu hata mkoa mzima.

Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari, na kutoka hiyo yakazaliwa mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Tanga ilisifiwa, watu wakaja kutoka mbali kutafuta kazi, treni zikajaa mizigo.

Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaenea duniani na bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na usimamizi wa baadhi ukalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Wachumi wanabishana ni sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi. Lakini barazani, na kwenye mabasi ya kwenda Dar es Salaam na Arusha, jibu lilikuwa jepesi: watu wa Tanga wamelala, watu wa pwani wavivu.

Mkata mkonge aliyeamka saa kumi alfajiri mwaka 1964 na yule aliyeamka saa kumi mwaka 1985 walikata majani yaleyale, wakachomwa na miiba ileile. Wa kwanza aliitwa mchapakazi, wa pili akaonekana mtu asiyejituma. Kilichobadilika kilikuwa bei ya kamba katika masoko ya mbali, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipanga.

Tunafanya hivyohivyo kwa aliyefanikiwa. Akitajirika taratibu tunasema ana akili. Akitajirika ghafla tunasema ana chuma ulete, au amemtoa mtu kafara. Ni mara chache tunasema: alikuwa na kiwanja mahali ambapo barabara ilikuja kupita. Bahati yake inatusumbua kama inavyotusumbua bahati mbaya ya mgonjwa, kwa hiyo tunaitungia sababu.

Dini na methali zinasemaje

Wengine watasema kwamba kupinga hukumu hii ni kupinga imani ya Mungu mwenye haki. Lakini Waislamu na Wakristo wa pwani wote wanamjua Nabii Ayubu. Alikuwa mtu mwema, akapoteza mali na watoto, akaugua vibaya. Katika Qur'ani yeye ni mfano wa subira. Katika Biblia marafiki zake wanakuja kukaa naye, na baada ya siku kadhaa wanaanza kumwambia kwamba lazima kuna dhambi aliyoitenda. Mwisho wa habari Mungu anawakemea marafiki hao. Anayeamini kwamba haki kamili iko kwa Mungu ana sababu kubwa zaidi ya kutojipa kiti cha hakimu, kwa kuwa yeye hakuonyeshwa daftari la mtu yeyote.

Methali zetu nazo zinavuta pande mbili. Tuna zile za malipo: mchuma janga hula na wa kwao. Lakini tuna pia "ajali haina kinga", na tuna "hujafa hujaumbika", ambayo wazee humwambia kijana anayemcheka mlemavu. Neno hilo la mwisho linajua hofu iliyo nyuma ya kicheko. Linamwambia anayecheka kwamba mwili wake bado haujamaliza kuandikwa.

Kabla ya kusema "alijitakia"

Hatusemi kwamba hakuna mtu anayesababisha matatizo yake. Anayeendesha bodaboda akiwa amelewa na kuanguka, amechangia. Kuwajibishana ni sehemu ya kuishi pamoja. Lakini kabla ya kutoa hukumu, yapo maswali matatu yanayosaidia.

Je, ninajua alichofanya, au ninakikisia kutokana na lililompata? Kama ushahidi pekee wa kosa ni adhabu yenyewe, hapo hakuna ushahidi.

Je, wapo waliofanya kama yeye na hawakupatwa, na waliopatwa bila kufanya? Wanywaji wa madafu ni wengi, na wengi wao ni wazima. Wazinzi nao, kwa bahati mbaya, ni wengi, na wanatembea vizuri tu.

Je, hata kama alikosea, hastahili msaada? Aliyelewa akaanguka bado anafungwa bandeji. Lawama na matibabu ni foleni mbili tofauti, na ya matibabu haipaswi kusubiri ile nyingine iishe.

Kwa upande wa mabusha na matende, kazi iliyopo inajulikana. Mwenye uvimbe aende zahanati au kituo cha afya na aulize habari za upasuaji katika hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Kingatiba ikitangazwa, uliza maswali yako yote, kisha meza kama hujaambiwa na mhudumu kwamba haikufai. Wajawazito, watoto wadogo sana na wagonjwa mahututi hawapewi. Watoto walale ndani ya chandarua. Vyoo vifunikwe, na maji yaliyotuama yaondolewe.

Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa, mtu mmoja ainue mkono aulize: halmashauri imetenga nini mwaka huu kwa upasuaji wa mabusha na huduma za wenye matende? Togo ilithibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2017, na jirani yetu Malawi mwaka 2020. Nao wana mbu, na wana wanaume waliokuwa wakijificha.

Swali hilo la mkutanoni ni gumu kuliko linavyoonekana. Anayeuliza atatazamwa, na huenda mtu akacheka nyuma na kusema labda naye anayo. Litakuwa rahisi zaidi kama atakayeliuliza ni mtu ambaye kila mmoja anajua hana.